Kichuguu cha Mjerumani

Ukitaka kujua Sumbawanga inavyosemwa huko nje, mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba wewe ni wa huku. Atacheka, kisha atasogea kidogo. Atakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo, na radi siku hizi mnauza bei gani. Tumezoea bwana. Mimi huwa najibu kwamba ungo wangu uko gereji.

Basi, matembezi ninayotaka kuyasimulia yalianzia hapo hapo, kwenye jina. Tulikuwa watu saba, mwezi wa saba, saa moja asubuhi, na baridi ya Ufipa si mchezo. Mji huu uko mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu, koti la sufu, kofia imeshushwa hadi masikioni. Hakuanza na Wajerumani wala na Uhuru. Aliuliza tu:

"Sumba maana yake nini?"

Mama mmoja, muuguzi, akajibu, "Tupa."

"Na wanga?"

"Uchawi."

"Basi hiyo ni amri," akasema Mwalimu. "Ukiingia mji huu, uchawi wako utupe huko huko."

Hebu fikiri. Sikio la Kiswahili likisikia "wanga" linawaona wanga wenyewe, wale wa usiku. Jina lililowekwa kuufukuza uchawi, nchi nzima ikalisikia kama tangazo la biashara yake! Kijana mmoja wa Kisukuma, ambaye wazazi wake wanafuga ng'ombe huko Bonde la Rukwa, akasema, "Kumbe tumewasingizia miaka yote hii." Tukacheka wote, baridi ikapungua.

Nilishawahi kutembezwa mahali pengine. Nikiwa Unguja nililipa kiingilio kama watu wote nikafuatana na kundi la wageni ndani ya Mji Mkongwe. Kijana aliyetuongoza alikuwa fundi kweli, Kiingereza chake kinateleza, Kiitaliano pia. Lakini kila nilipomuuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, kwa mazoea tu, maskini. Niliyasikia mengi siku ile na sikubishana na hata moja. Ni vigumu kubishana na historia yako ukiwa unatafuta neno.

Siku hii ya Ufipa tulibishana mpaka basi.

Tulipanda Hiace njia ya Namanyere, tukashuka upande wa Chala, tukashika njia ya mguu. Kijiji chenyewe sitakitaja, na sababu utaiona mbele. Njiani Mwalimu alisimama kwenye shamba moja lenye vilima vya mviringo, kama makaburi mafupi yaliyopangwa safu. Wafipa hulima hivyo: majani hufukiwa chini ya udongo, yakaoza humo, na msimu unaofuata kilima hutawanywa ukapanda juu ya mbolea yako mwenyewe. Muuguzi alisema bibi yake alikuwa akijificha jua nyuma ya vilima hivyo. Hapo tulikaa dakika tano, na naona zilitosha.

Kijijini tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba ruhusa. Nje ya nyumba ya jirani alikaa bibi mmoja akipukuchua maharage. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu, mmepotea?" Mwalimu akamsemesha kwa Kifipa, akatuvutia magogo tukae, akaanza hadithi ya Milansi.

Wengi wa kwetu wanaijua kwa vipande. Chifu wa kwanza, Ntatakwa, inasemwa alishuka kutoka mbinguni, akakaa Milansi. Siku moja chifu wa Milansi akaenda kuwinda, akamwachia mkewe onyo: wakija wageni, wasipewe kigoda cha enzi. Wakaja wanawake wageni kutoka mbali. Mke akawapa kigoda. Chifu aliporudi akakuta nchi imekwisha kwenda. Kutoka kwa wanawake hao ukatokea ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika ukawa na tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya mizimu. Jina la Wilaya ya Nkasi linatoka humo. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikaa Ufipa miaka ya 1960, na hadithi hii ni nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1981.

Mwalimu alimalizia kama wanaume wengi wanavyomalizia: "Kwa hiyo ufalme ulipotea kwa uzembe wa mwanamke mmoja."

Bibi akaweka ungo wa maharage chini.

"Uzembe gani?" akauliza, kwa Kiswahili, ili tusikie wote. "Mgeni amefika mlangoni, mwenye nyumba yuko porini anakimbizana na wanyama. Unamwacha mgeni asimame? Wewe Mwalimu, mama yako alikulea hivyo?"

Mwalimu akasema hadithi ndivyo ilivyo. Bibi akasema hadithi ndivyo inavyosimuliwa na waliokuwa porini. Yule mke, kwa maoni yake, alizuia vita. Wageni walikaa, nchi ikaendelea, na hakuna damu inayotajwa. Wakahamia kwenye Kifipa, kasi ikaongezeka, muuguzi akawa anatutafsiria vipande huku akishika mbavu. Mimi Kifipa changu ni cha mjini, nasikia kuliko ninavyosema, lakini neno moja nililipata vizuri: bibi alikuwa anasema *kigoda* kwa namna mtu anavyotaja kiti cha jikoni kwake. Kitabuni kigoda hicho kilikuwa cha wafalme tu.

Huko Unguja, nani angeweka ungo chini?

Baada ya hapo tulikwenda kwenye kitu chenyewe. Ukiwa mbali unaona kichuguu kirefu kando ya mti. Ukikaribia unaona kwamba kichuguu hakina mdomo wa mviringo namna ile, wala milango ya kupitisha hewa kuzunguka miguu yake. Kilikuwa kirefu kunipita mimi na nusu yangu. Watoto waliotufuata wakasema ni kichuguu cha Mjerumani. Yule Msukuma naye akauliza, kwa nia njema kabisa, "Si walijenga wao, Mwalimu? Wakati wa ile ngome yao ya Kasanga?"

Na hili ndilo linalonifanya nisitaje kijiji. Kikishaitwa cha Mjerumani, kesho anakuja mtu na sururu kutafuta mali ya Mjerumani.

Mwalimu hakukasirika. Aliinama, akaokota jiwe jeusi lenye matundu. "Hili mnaliitaje?" Mtoto mmoja akasema, "Mavi ya chuma." Sawa. Kisha akataja: hili ni ilungu, yakiwa mengi malungu. Mawe yenye chuma na mkaa viliingizwa kwa juu, upepo ukajivuta wenyewe kupitia mirija ya udongo chini, bila mivukuto, siku kadhaa mchana na usiku. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye matanuru madogo, vintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi. Dawa za kazi zilikaa kwenye kikapu, intangala. Wafuaji walihama majumbani na kujitenga na wake zao, kwa sababu ilungu lenyewe lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, likatarajiwa kuzaa.

"Kwa hiyo hapa chini ni mlango wa uzazi," akasema muuguzi, bila haya, kama yuko wodini.

"Ndivyo," akasema Mwalimu, akiangalia mti.

Mjerumani gani angeyapa matanuru yake majina hayo? Mmisionari mmoja wa White Fathers, Wyckaert, aliandika juu ya wahunzi wa huku mwaka 1914, kwa Kifaransa. Greig akaandika mwaka 1937, Wise mwaka 1958, wote kwa Kiingereza. Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu, ameyachunguza matanuru haya miaka mingi, na tasnifu yake nayo ni ya Kiingereza. Siwalaumu, bila wao tungekuwa na vichuguu tu. Lakini mtoto wa kijiji kile akitaka kujua kilicho nyuma ya nyumba yao, asome lugha gani? Majembe ya kiwandani yaliingia, malungu yakazimika, na maneno yakabaki kwa wazee wachache.

Tukiwa tunarudi barabarani ukazuka ubishi mpya. Muuguzi alitaka safari ijayo iwe ya Kifipa kitupu. Msukuma akauliza, "Na mimi niliyezaliwa huku?" Muuguzi akasema atajifunza. Mimi nilikuwa upande wa Msukuma. Ule ugomvi wa kigoda ulianza kwa Kiswahili ndipo ukaingia Kifipa, na kila mmoja wetu aliufuata hadi alipoweza. Muuguzi hakukubali mpaka Hiace ikaja. Ndani ya gari yule kijana alitoa simu, akamgusa Mwalimu begani.

"Vintengwe inaandikwa na t, siyo?"

"Na t," akasema Mwalimu. "Na wewe Kisukuma mnaliitaje tanuru?"

Kijana akafikiri. Akasema atampigia babu yake jioni.