Ujanja wangu uliishia chooni!

Mwenzio nilikuwa Arizona, Marekani, natembea na mjomba kwenye nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Chini ina matangi mawili: la choo, na la maji ya kuogea na kuoshea vyombo.

Tulipofika kambi ya karibu na Grand Canyon, nikaunganisha bomba, nikaacha koki ya choo wazi siku tatu. Kumbe maji yanakimbia, mzigo unabaki na kuganda! Harufu? We acha tu. Mjomba alininunia kutwa, nikajua narudishwa Bongo.

Jioni akasema: “Mpwa, koki ifungwe mpaka lijae theluthi mbili. Fungulia la choo kwanza, maji ya kuogea yafuate kusafisha mpira.”

Tangu hapo sijifanyi mjuaji.