Ukienda Kwamndolwa, Toa Hedfoni Moja

Kuna safari za kwenda kupumzika na kuna zile unazokwenda kwa sababu huna tena pa kukwepea. Yangu ya Kwamndolwa ilikuwa ya aina hiyo ya pili.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana wiki tatu. Si kununa kwa kutupiana maneno, la hasha! Ni kule kwa "chakula kipo mezani" na "sawa". Kazi yake ya hapa Dar ilikuwa imekwisha, naye akashika uzi mmoja tu: turudi kwao Korogwe, tukalime. Mimi nikamjibu kwa mkato kwamba shamba siliwezi. Akanyamaza. Na mume wangu akinyamaza, bora radi.

Basi mama yake akatuita. Tukapanda basi alfajiri, yeye dirishani, mimi pembeni. Hata hatujafika Chalinze nikachomeka hedfoni masikioni, maana nani anataka kusemeshwa? Nikatafuta muziki usio na maneno mengi, nikaangukia ule wa filamu ya The Motorcycle Diaries ya mwaka 2004.

Kama hujawahi kuusikia, umekosa kitu. Mtunzi wake ni Gustavo Santaolalla wa Argentina, na ala inayobeba sehemu kubwa ni ronroco, kijigitaa cha nyuzi 10 chenye sauti ya mtu anayewaza peke yake. Kuna kipande kinaitwa De Ushuaia a La Quiaca, yaani toka ncha ya kusini ya Argentina mpaka mpaka wake wa kaskazini, sawa na sisi tuseme toka Mtwara hadi Bukoba. Ukikisikiliza huku mashamba yanapita dirishani, hata mlima wa kawaida unaanza kuonekana una siri.

Filamu yenyewe inawahusu vijana wawili waliotoka Buenos Aires Januari 1952 kwa pikipiki aina ya Norton: Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa na miaka 23, na rafiki yake Alberto Granado. Huyo Ernesto ndiye baadaye dunia ikamjua kama Che. Pikipiki ikawafia Chile, wao wakasonga mbele kwa miguu na kwa lifti.

Tulipokaribia Segera nikahisi naguswa bega. "Unasikiliza nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Dar. Nikataka kujibu "muziki", nikaona aibu. Nikachomoa upande mmoja nikampa.

Akasikiliza kidogo, akatabasamu. "Hii si ile ya DVD ya kukodi?"

Ndiyo, ndiyo ile. Tuliiangalia enzi za uchumba, kwenye televisheni ya kaka yake, umeme ukakatika katikati ikabidi turudie kesho yake. Mimi nilishasahau. Yeye hakusahau hata ule mto.

Kwenye filamu hiyo Ernesto yuko kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma, Peru. Madaktari wanaishi ng'ambo hii ya Mto Amazon, wagonjwa ng'ambo ile. Usiku wa siku yake ya kuzaliwa anajitosa majini, anaogelea kwenda kwa wagonjwa. Wimbo wa mwisho, Al otro lado del río, maana yake "ng'ambo ya pili ya mto", umetungwa na Jorge Drexler wa Uruguay. Mwaka 2005 ulishinda Oscar, wimbo wa kwanza wa Kihispania kupata tuzo hiyo.

"Unajua Che alivuka na kwetu?" mume wangu akaniambia. Kweli. Mwaka 1965 alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma kwenda kupigana Kongo, akijiita Tatu, kwa Kiswahili hiki hiki. Mambo yakamshinda. Mwisho wa mwaka huo alikuwa amejificha ubalozi wa Kuba hapo Dar, akiandika jinsi walivyoshindwa.

"Kwa hiyo kuvuka siyo kushinda," nikamchokoza.

"Siyo. Lakini angebaki ng'ambo asingejua."

Korogwe tukashuka, tukachukua bodaboda mbili. Milima ya Usambara upande mmoja, jua kali, upepo mtupu. Hedfoni nikaitia mfukoni, na ndipo nikaanza kusikia: dereva wangu akisalimia kila mtu, watoto wakipiga kelele, mbuzi wakigoma kupisha. Mkonge wa Korogwe nao nikautazama kwa jicho jingine. Asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na katika miche 1,000 ilifika hai 62 tu. Huo mgeni ndio uliokuja kuitajirisha Tanga.

Halafu kuna hilo jina. Handeni na Korogwe zimejaa majina kama hayo: Kwamkono, Kwamsisi, Kwamndolwa. Kwa, kwa, kwa. Yaani huku huendi mahali, unakwenda kwa mtu. Na mimi wiki tatu nilikuwa nimekataa mahali bila kumuuliza mtu wangu anaogopa nini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Jioni, baada ya ugali, mume wangu akaiweka simu ndani ya bakuli tupu ili sauti itoke vizuri. Ronroco ikalia uani Kwamndolwa. Mama mkwe akasikiliza kimya, kisha akasema, "Huyu anapiga kama mtu anayemsubiri mwenzie." Akainuka, akaenda kulala.

Tukabaki wawili. Akaniambia kwamba anaogopa kuzeeka Dar akiomba kazi kwa vijana aliowafundisha yeye. Nikamwambia kwamba mimi naogopa kuwa mgeni maisha yangu yote. Hatukumaliza. Tulikubaliana jambo moja: alime msimu mmoja, mimi nibaki Dar na watoto mpaka wafunge shule, na kila mwezi mmoja wetu avuke kwenda kwa mwenzie. Mahindi yakikataa, tutakaa tena chini.

Kwa hiyo dada, kaka, ukisafiri na mwenzio mkiwa mmenuniana, nenda na muziki mzuri. Ila chukua hedfoni ya waya, ile yenye pande mbili, na upande mmoja mpe yeye. Ukifika, zitoe zote.