Mlango Uliobishwa Mara ya Pili

Katika mji wa Lubumbashi, kijana mmoja mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho alikuwa akirejea jioni pamoja na mwenzake. Maana wamisionari hao hutembea wawili wawili, na vijana wa kiume hutumika miaka 2 bila mshahara. Ghafla alimkumbuka mvulana wa miaka 15 aliyebatizwa karibuni. Mchana walibisha kwake, mtoto akawajibu kwamba hayupo. Sasa miguu ilikuwa imechoka, na saa ya kurudi imekaribia. Kijana alijitahidi kulisahau jambo hilo, lakini msukumo ulimzidi. Wakageuka.

Walimkuta mvulana akifunga mzigo. Baba yake, askari, alikuwa kazini mbali. Mama amelazwa hospitalini. Wadogo zake wawili hawajala. Alfajiri angeiacha shule, aende Kolwezi kuchimba kobalti. Mmisionari hakuwa na fedha, wala hakumhubiria. Aliketi, akamsikiliza, kisha akampeleka kwa kiongozi wa tawi. Waumini wa kanisa hilo hufunga mara moja kwa mwezi, na thamani ya chakula wasichokula huitoa kwa wenye shida. Usiku ule ule unga ulifika, na mama jirani akakubali kulala na watoto.

Mzigo ukafunguliwa.

Wengi wetu tuna jirani ambaye baba wa nyumba yuko zamu. Jina lake likikujia moyoni, usingoje asubuhi.