Risasi ya Kiwanda na Risasi ya Mkono

Mtu anayeshindana hupenda kudhani kuwa kushinda kwake na kushindwa kwake hutoka katika mwili na moyo wake peke yake. Mkimbiaji husifu miguu, na mwogeleaji husifu pumzi. Mlenga shabaha kwa bastola hawezi kujidanganya hivyo. Kati ya jicho lake na shabaha yake kipo kitu kidogo, kisichozidi kipande cha kidole, ambacho akisha kuvuta kifyatuo hana tena amri juu yake. Kitu hicho ni risasi. Je, ainunue kama ilivyotoka kiwandani, au aijaze kwa mkono wake mwenyewe? Wengi hulitazama swali hili kama swali la bei. Kumbe bei ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni swali la kuaminiana.

Risasi kamili ya bastola ni mkusanyo wa vitu vinne. Kwanza ni ganda la shaba. Pili ni fataki, kidonge cha mlipuko kilichopachikwa kitakoni mwa ganda. Tatu ni baruti isiyo na moshi. Nne ni kichwa, ambacho kiini chake ni madini ya risasi, na aghalabu huvikwa joho jembamba la shaba nyekundu. Sindano ya bastola ikigonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka hewa kali, na hewa hiyo husukuma kichwa nje ya mtutu. Vitatu katika vinne hivi huisha kwa pigo moja. Ganda peke yake hubaki, likaruka pembeni moto na tupu. Hapo ndipo watu wawili huachana njia: mmoja huliacha mchangani akaenda zake dukani, na wa pili huinama akaliokota.

Kuokota huku kumerahisishwa na uvumbuzi wa zamani. Katika miaka ya 1860, Edward Boxer, askari wa Uingereza, na Hiram Berdan wa Marekani, kila mmoja alibuni namna yake ya fataki. Ganda la namna ya Boxer lina tundu moja katikati ya kitako, hata sindano nyembamba huweza kupita na kuisukuma nje fataki iliyokufa. Ganda la namna ya Berdan aghalabu lina matundu mawili madogo, na kuitoa fataki yake ni taabu. Ajabu ya dunia, namna ya Mwingereza ndiyo iliyoshika Marekani, na namna ya Mmarekani ikashika sehemu kubwa ya Ulaya. Hii ni sababu mojawapo ya Marekani kuwa nchi ya watu wengi wanaojaza risasi nyumbani. Sheria ya taifa la huko haimdai leseni mtu ajazaye kwa matumizi yake mwenyewe. Humdai yule ajazaye ili auze.

Asiyeokota ana hoja zenye nguvu. Tangu 1926 viwanda vya Marekani vina chama cha kuweka vipimo, kijulikanacho kwa ufupi kama SAAMI. Kwa risasi ya kawaida ya milimita 9, ambayo ni mashuhuri sana katika mashindano ya bastola, chama hicho kimeweka kikomo cha mgandamizo wa ratili 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Mnunuzi hakuiona mashine, wala hamjui mfanyakazi. Lakini boksi lina namba ya toleo, na kosa likitokea, namba hiyo huweza kufuatwa hata mlangoni mwa kiwanda. Tena watengenezaji wengi wa bastola huandika katika vijitabu vyao kuwa bastola ikiharibika kwa risasi iliyojazwa nyumbani, dhamana yao imekoma. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini onyo hilo si choyo kitupu, kama itakavyoonekana mbele.

Ipo pia michezo ambayo hoja hii haina mahali. Katika mashindano ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 hutumiwa risasi ndogo ya inchi .22, ambayo dawa yake ya mlipuko imo ndani ya ukingo wa ganda. Ukingo ukisha kugongwa, ganda hilo halijazwi tena kwa njia ya kawaida. Mlengaji wa huko hujaribu matoleo mbalimbali katika bastola yake, na likimpendeza moja, hununua maboksi mengi ya namba hiyo hiyo. Uhuru wake ni wa kuchagua, si wa kutengeneza.

Walakini katika mchezo wa bastola wa vitendo mambo ni mengine. Shirikisho lake la dunia, IPSC, lilianzishwa 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Wito wake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Mshindani hukimbia kutoka pembe hata pembe, hufyatulia shabaha za karatasi na za chuma, na alama zake hupimwa pamoja na muda wake. Sasa, risasi dhaifu haiurushi mkono, na mkono usiorushwa hurudi upesi kwenye shabaha. Kama watu wangeachwa huru, kila mmoja angetumia risasi dhaifu. Kwa hiyo kanuni iliwekwa: uzito wa kichwa kwa greini huzidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Greini ni kipimo kidogo mno. 7,000 hufanya ratili moja. Katika kanuni za chama cha Marekani, USPSA, jibu lisipungue 125 kwa daraja dogo, wala 165 kwa daraja kubwa. Katika mashindano makubwa, risasi chache za kila mshindani huchukuliwa na kupimwa. Ambaye zake hazikufika 125 huweza kuendelea kufyatua, lakini hapati alama hata moja.

Hapa ndipo risasi ya mkono huonyesha fadhila yake. Kichwa cha greini 147 kilichotoka katika boksi la kawaida huweza kwenda karibu futi 990 kwa sekunde, na jibu lake huwa kama 145. Mjazaji hupunguza baruti hata mwendo ukawa futi 890, na jibu likawa karibu 131. Yu salama juu ya mpaka, na teke la bastola mkononi mwake limepungua. Viwanda navyo vimeliona jambo hili, na siku hizi vingine huuza risasi za mashindano zilizokadiriwa karibu na 130. Lakini bei yake aghalabu hupita ile ya boksi la kawaida.

Wengi husema kuwa hujaza ili wapate usahihi. Kauli hiyo ni kweli mahali, na si kweli mahali. Katika mchezo wa zamani wa Marekani wa kulenga kwa mkono mmoja kutoka yadi 50, duara la alama kumi lina upana wa inchi 3.36 tu, huko risasi iliyopimwa kwa ajili ya bastola moja ina thamani kubwa. Lakini katika mchezo wa vitendo, eneo la alama za juu katika shabaha ya karatasi ni kiasi cha inchi 6 kwa 11, na mara nyingi li karibu, yadi 10 au 15. Risasi yoyote njema ya dukani hukaa humo. Kisichokaa humo ni mkono. Mchagua jembe si mkulima, na mtu abadilishaye baruti kila wiki huenda anaikimbia kazi ya kujizoeza.

Na atazamwe mtu mmoja, mwalimu wa shule katika mji wa wastani wa Marekani, aliyepita njia zote mbili. Alianza kwa kununua. Kisha akaona kuwa wenziwe hodari hufyatua risasi elfu kumi na zaidi kwa mwaka, na mshahara wake haukuweza kuwafuata. Akanunua shinikizo, yaani mtambo wenye mkono wa chuma uvutwao chini na kurudishwa juu, akaufunga mezani katika chumba cha chini cha nyumba yake. Akafanya hesabu: ratili moja ya baruti, kwa greini 4 kila risasi, hutosha risasi 1,750. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini fedha aliyoiokoa haikukaa mfukoni; aliifyatua yote, kwani risasi ilipokuwa rahisi, mazoezi yaliongezeka.

Mwaka 2020 ukamfundisha jambo la pili. Maradhi ya korona yalipoingia, watu walikimbilia maduka ya risasi, rafu zikawa tupu. Fataki, ambayo kabla ya hapo ilikuwa yapata senti 3, ikauzwa senti 10 na zaidi kwa mwenye bahati ya kuiona. Mwalimu alikuwa na maganda tele ndani ya ndoo, na hakuwa na cha kuyawasha. Alidhani amejitoa katika utumwa wa kiwanda; kumbe alikuwa amehama mlango tu, kwa kuwa baruti na fataki hazitengenezwi mezani.

Somo la tatu lilikuwa kubwa kupita hayo mawili. Jioni moja, siku mbili kabla ya mashindano, alikuwa akijaza, na binti yake mdogo akamwita kutoka ngazini. Aliuacha mkono wa shinikizo katikati ya safari yake. Aliporudi hakukumbuka kama ganda lililokuwa chini ya kipimo lilikwisha kupata baruti. Akaliondoa, akadhani ameiondoa na shaka, akaendelea hata zikatimia risasi mia mbili. Usiku, kitandani, moyo wake ukamwuliza: Uliondoa ganda lipi?

Si swali la mtu mwoga. Risasi isiyo na baruti huweza kuwashwa na fataki peke yake, na nguvu ya fataki hutosha kukisukuma kichwa ndani ya mtutu, isitoshe kukitoa. Mlio wake ni hafifu. Mshindani aliye mbioni, masikio yake yamezibwa, huweza kuvuta kifyatuo tena, na kichwa cha pili kikakikuta cha kwanza njiani. Mtutu huvimba au hupasuka. Kinyume chake, ganda la milimita 9 huweza kupokea vipimo viwili vya baruti kali, na hapo mgandamizo hupita kikomo chochote kilichowekwa. Kosa la kiwanda huweza kuwa la mtu asiyejulikana. Hili lingekuwa lake, na mkono ambao ungeumia ungekuwa wake, au jicho la msimamizi aliyesimama nyuma ya bega lake.

Alishuka usiku ule ule akazipima risasi katika mizani. Haikusaidia: maganda yaliyookotwa ni ya viwanda mbalimbali, na uzito wao hutofautiana kwa greini kadha, hata greini 4 za baruti hujificha humo. Akatwaa nyundo yenye tumbo wazi, ambayo risasi hufungwa ndani yake na nyundo ikagongwa sakafuni hata kichwa kikachomoka. Akaanza kuzivunja moja moja. Mkewe aliamshwa na kishindo, akashuka, akamkuta amepiga magoti.

“Kwa nini usizitupe tu?” akamwuliza.

“Nataka kujua nilifanya nini.”

Karibu na alfajiri, baada ya kuvunja zaidi ya mia, ilikuja moja ambayo haikutoka baruti hata chembe. Akaiweka peke yake juu ya meza, akaitazama kitambo kirefu. Kisha akazivunja na zilizobaki, moja moja, hata ya mwisho.

Katika mashindano alitumia risasi za dukani. Teke lilikuwa kubwa kuliko alilolizoea, na alimaliza chini ya nafasi yake ya siku zote. Walakini hakuna mara hata moja aliyosita kuvuta kifyatuo, na hilo lilimtosha.

Hakuliuza shinikizo lake. Alirudi mezani na kanuni: baruti ya aina moja tu iwepo juu ya meza, taa iangaze ndani ya kila ganda, na jicho lione kabla ya kichwa kuwekwa, mtu akiitwa, maganda yote yaliyo mtamboni yaondolewe kabla ya kuitika, mikono ioshwe baada ya kazi, maana mabaki ya fataki yana sumu ya risasi. Akabadilisha na baruti yenyewe, akachagua inayojaza ganda kupita nusu, ili kipimo cha pili, kikitiwa kwa kosa, kimwagike mezani na kujishtaki. Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii inayo.

Basi, kati ya wawili hawa, nani amechagua vema? Mwenye saa chache na mawazo mengi na anunue, wala asione haya. Analipia uangalifu wa watu wengine, na uangalifu ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Mwenye utulivu na ajaze. Atapata risasi iliyokatwa kwa kipimo cha mkono wake, na mazoezi mengi kwa fedha ile ile. Aliye hatarini ni wa tatu, ajazaye kwa ajili ya urahisi peke yake, akili yake ikiwa mahali pengine. Huyo hudhani ameokoa senti, kumbe amekopa. Na deni la uangalifu usiolipwa mezani hudaiwa uwanjani.

Ile risasi kavu mwalimu hakuitupa. Aliifunga tena bila fataki, akaitundika kwa uzi juu ya shinikizo lake, mahali ambapo mkono hauwezi kushika chuma kabla jicho halijaiona.