Vidonge Vitano

Nilichukua mkasi, nikaikata katikati karatasi ya vidonge kumi vya zinki, nikampa mteja vitano. Hilo ndilo kosa langu, na sikulifanya mara moja tu.

Nilikuwa muuzaji katika duka la dawa muhimu, Mpanda mjini, mkoani Katavi. Wateja waliniita dokta, nami niliitika. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, mama mmoja alishuka kwenye bodaboda akitokea Katumba, mgongoni amembeba bintiye wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi. Choo maji matupu, hakina damu, wala mwili hauchemki. Mama akafungua fundo la khanga, akahesabu hela juu ya kaunta, na humohumo kulikuwa na nauli ya kurudia. Nikampa pakiti mbili za ORS za kurudisha maji mwilini, vidonge vitano, na chupa ya antibiotiki. Nikamwambia, "Akiacha kuharisha, mama, na vidonge acha."

Mtoto yule hakuhitaji antibiotiki. Bei ya chupa ile ingenunua vile vidonge vitano nilivyovirudisha kwenye boksi, na chenji ingebaki. Niliiuza kwa sababu ina faida kubwa. Hilo linaniuma kuliko mkasi.

Wiki ya tano alirudi. Safari hii mtoto macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Sikuuza kitu; nilimkimbiza kituo cha afya, akaongezewa maji, akapona. Siwezi kuapa kwamba vile vitano vingine vingemwepusha. Najua tu kwamba nilimnyima.

Usiku ule ndipo niliposoma karatasi ya maelekezo, iliyokuwa ndani ya boksi siku zote. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza hivi: mtoto anayeharisha apewe ORS, pamoja na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi sita apewe nusu yake. Kuharisha kunaikomba zinki mwilini, na mwili hauna ghala lake kama ini linavyotunza madini ya chuma. Zinki husaidia utumbo kujenga upya ngozi yake ya ndani na kuipa nguvu kinga ya mwili. Kwa hiyo siku zinazofuata baada ya choo kukauka si za ziada: dozi kamili hupunguza uwezekano wa kuharisha tena kwa miezi miwili mitatu ijayo. Mimi nilizikata hizohizo.

Na watoto wetu wa Katavi hawana akiba ya kuchezea. Anayeachishwa ziwa hapa hulelewa kwa uji na ugali wa mahindi, na mahindi yana fitati, kitu kinachoishika zinki isifyonzwe vizuri. Kuuchachusha uji hupunguza fitati hiyo. Nyama ina zinki nyingi, lakini ng'ombe wanaopita hapa kwa mamia huishia mnadani, si kwenye bakuli la mtoto.

Mama yule nilimwomba radhi uso kwa uso. Wengine siwajui walipo, ndiyo maana naandika. Kidonge kiyeyushe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kimoja kila siku (nusu kwa aliye chini ya miezi sita), hata mtoto akiwa anacheza uani. Na ukipewa vitano, rudi dukani ukadai vitano vingine.