Darakasi: Bahari Yamfunza Mkimbiaji

Kusini ya mji wa Kismayo, mbele ya pwani ya Somalia, imepangika safu ya visiwa vya matumbawe iendayo sambamba na bara mpaka karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Hivyo ndivyo Visiwa vya Wabajuni. Majina ya vile vikubwa hayamshindi nahodha yeyote wa mwambao: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na Darakasi. Upande wa nje, wimbi la Bahari ya Hindi hupasuka juu ya mwamba usiku na mchana. Upande wa ndani, baina ya kisiwa na bara, maji hutulia, na ndimo mashua zinamopita.

Wenyeji husema Kibajuni, ndugu wa Kiamu na wa Kimvita, na tangu kale maisha yao yametegemea uvuvi, ukataji wa boriti za mikoko na uundaji wa vyombo. Walisifika kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba pasipo msumari. Walisifika pia kwa ustadi wa kumnasa kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki agandaye juu ya wanyama wakubwa wa baharini: hufungwa kamba mkiani, huachiwa aende, naye hugandama juu ya kasa mpaka mvuvi amvute. Watu wa namna hiyo hawakujifunza kuogelea katika darasa. Walijifunza kama wengine walivyojifunza kutembea.

Somalia, kwa upande mwingine, ni nchi iliyojipatia jina kwa mbio. Mwaka 1987, katika mashindano ya dunia mjini Roma, Abdi Bile aliipatia medali ya dhahabu ya mita 1,500. Basi katika nchi hiyo moja umo ustadi wa aina mbili: ule wa mguu juu ya nchi kavu, na ule wa mwili ndani ya maji. Mchezo uitwao triathloni unamtaka mtu mmoja awe nao wote wawili, kisha aongeze na baiskeli. Na mkimbiaji anayeingia katika mchezo huo huona upesi kwamba sehemu imsumbuayo ni ile ambayo mtoto wa Darakasi huiona jambo la kawaida.

WAKIMBIAJI NA MABAHARIA

Mchezo huu ulianzishwa na wakimbiaji. Mwezi Septemba 1974, chama cha wakimbiaji cha San Diego, huko California, kiliandaa shindano la kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea katika ghuba ya Mission. Waliobuni jambo hilo, Jack Johnstone na Don Shanahan, walitaka kuwaburudisha wenzao waliochoshwa na mazoezi ya kuzunguka uwanja. Lilianza jioni, giza likawakuta wengine wangali majini, ikabidi taa za magari zielekezwe baharini ili waone njia.

Miongoni mwa walioshiriki siku hiyo walikuwamo ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy. Miaka michache baadaye, wakiwa Hawaii, palizuka ubishi wa kawaida wa wanamichezo: nani aliye na mwili imara zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli? Collins akapendekeza mashindano matatu makubwa ya kisiwa hicho yaunganishwe yafanywe siku moja: kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli kilomita 180, na kumaliza kwa marathoni ya kilomita 42.

Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Aliyeongoza kwa muda mrefu alikuwa John Dunbar, aliyewahi kuwa askari wa kikosi maalumu cha majini. Katika marathoni wasaidizi wake waliishiwa na maji ya kunywa, wakampa bia, naye akaanza kuyumba. Aliyempita ni Gordon Haller, dereva wa teksi na mkimbiaji hodari, aliyemaliza kwa muda wa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Triathloni iliingia katika michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, kwa masafa mafupi zaidi: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10.

MAJI HAYASHINDWI KWA NGUVU

Mkimbiaji aliyezoea kilomita 10 kila asubuhi huingia majini akiamini kwamba pumzi yake itamfaa. Baada ya mita 50 huhema kama aliyefukuzwa. Sababu si udhaifu wa moyo wala mapafu. Maji ni mazito mno kuliko hewa, na mwili usionyooka huyagonga kama jahazi lililokaa mshazari. Miguu ya mkimbiaji, iliyojaa misuli, huzama. Vifundo vyake vilivyokakamaa kwa kukanyaga ardhi havipigi maji sawasawa. Zaidi ya hayo, yeye hubana pumzi, kisha hutaka kutoa na kuvuta hewa kwa mara moja kinywa kitokapo juu.

Dawa yake ni kuwa mwanafunzi upya. Kwanza asimame katika maji ya kifuani, atie uso majini na kutoa pumzi polepole, mpaka jambo hilo limwie jepesi. Halafu ajifunze kulala juu ya maji, macho yakitazama chini, kwani kichwa kikiinuliwa miguu hushuka. Teke litoke nyongani, si gotini. Mkono unyooshwe mbele, mwili ugeuke kidogo upande, na uso ugeuke pamoja nao kutafuta hewa. Mita 25 zilizoogelewa kwa utulivu zina faida kuliko mita 200 za kupapatika.

Maji ya ndani ya safu ya visiwa yanaweza kuonekana kama bwawa, lakini si bwawa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa kupwa maji yote yaliyoingia hutafuta njia ya kutoka kupitia milango iliyo baina ya visiwa na miamba. Wakati wa bamvua mkondo wa milangoni huwa mkali. Wakati wa maji mafu hupungua. Mvuvi hujua saa ya kupita na saa ya kungoja. Mwogeleaji mgeni yampasa amwulize, wala asione haya. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kanuni za kumlinda ni chache. Asiogelee peke yake. Aende sambamba na ufuko, si kuelekea bahari kuu. Mkondo ukimchukua asishindane nao uso kwa uso. Aukate kwa ubavu mpaka atoke ndani yake, ndipo arejee pwani. Na kila baada ya mikono kadhaa ainue macho atazame alama ya nchi kavu, mnazi au paa la msikiti, maana baharini hakuna mstari wa kumwongoza.

BAISKELI NA MCHANGA

Katika fani ya pili Darakasi haina msaada. Mchanga na matumbawe si njia ya baiskeli. Mwenye kuitaka hana budi kurudi Kismayo, mji ambao bandari yake ya kisasa ilijengwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, na ambao barabara yake huelekea kaskazini hadi Gobweyn, karibu na mahali mto Juba unapomwaga maji baharini.

Hapa mkimbiaji hufurahi, kwa kuwa pumzi yake sasa humfaa. Lakini goti lake laweza kuumia iwapo kiti hakikuwekwa vema. Kipimo chepesi ni hiki: aketi, aweke kisigino juu ya kanyagio likiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Asilazimishe gia nzito, bali azungushe miguu kwa wepesi, mizunguko 80 au 90 kwa dakika. Wakati wa kusi aanze safari kwa kuukabili upepo, ili umrudishe nyumbani akiwa amechoka. Na kwa kuwa chumvi ya pwani hula chuma, mnyororo ufutwe na kutiwa mafuta mara kwa mara.

Hatimaye huja mbio zenyewe, alizodhani anazijua. Ashukapo baiskeli, miguu huwa kama magogo, hatua zake zikawa fupi. Hali hiyo hupungua kwa mazoezi: mara moja kwa juma, amalizapo baiskeli, akimbie papo hapo dakika 10 au 15. Mchanga uliolowa, bahari ikipwa, ni mahali pazuri pa kufanya hivyo. Ila Kismayo ipo karibu sana na mstari wa Ikweta, na jua lake halina huruma. Mazoezi yawe alfajiri au jioni, na chupa ya maji isikosekane. Kisa cha Dunbar chatosha kuwa funzo.

ZAIDI YA MICHEZO

Yeyote aitazamaye bahari hiyo kama uwanja wa michezo hana budi kukumbuka yaliyopita juu yake. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia makwao kwa mashua kwenda Kenya. Mwezi Septemba 2012 askari wa Kenya waliteremka usiku kutoka melini kwenye ufuko wa Kismayo, katika operesheni iliyowaondoa al-Shabaab mjini. Hata baada ya hapo usalama wa mwambao haukurejea wote, na hakuna aliyejenga kituo cha triathloni Darakasi.

Mwaka huohuo wa 2012 Somalia ilimpoteza Samia Yusuf Omar, binti wa Mogadishu aliyekimbia mita 200 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Alifariki baharini akijaribu kuvuka kutoka Libya kwenda Italia. Bahari kuu humshinda hata mwogeleaji hodari, na lawama haiwezi kuwa juu yake. Lakini kifo chake chaonyesha kwamba katika ulimwengu wetu mkimbiaji anaweza kukutanishwa na maji pasipo kuchagua.

Jambo hilo lawahusu askari na jamaa zao kwa karibu. Mwaka 1997 mafuriko makubwa yalilifunika bonde la Juba, na katika maafa ya namna hiyo wanaotazamiwa kufika kwanza ni wenye sare. Askari akimbiaye vizuri lakini asiyejua kuogelea hufika mapema kwenye ukingo wa maji, kisha husimama hapo. Kadhalika mtoto wa kambini akaaye karibu na mto, ziwa au bahari anastahili kufundishwa kuelea kabla ya kufundishwa kushindana.

Kwa hiyo mkimbiaji anayeanza triathloni asiione miezi yake ya kwanza majini kuwa muda uliopotea. Anaweza asipate medali yoyote. Lakini siku atakapoweza kuogelea mita 400 kwa utulivu, katika maji aliyoyauliza kwanza kwa wenyeji wake, atakuwa amejipatia kitu ambacho kilomita zake zote za nchi kavu hazikuweza kumpa.