Nyumbani Kuna Nani?

Ndugu zangu wa Tabata, Tanga na kwingineko,

 

Naandika nikiwa kwenye treni, na nina hasira. Mdogo wangu amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya bajeti, analalamika kwamba dada yake wa kazi "ameota mapembe". Kosa lake? Anataka Jumapili iwe yake: aende kanisani, apitie kwa shoga zake, arudi jioni. Mdogo wangu akamalizia kwa kunichokoza: wewe mwenzangu huna shida hizo, Ulaya kila kitu mashine.

Ni kweli, mashine ya kufua ninayo. Inayomvua mtoto viatu, ikamlisha uji na kumbembeleza akilia sijaiona dukani.

Kwa msiojua, nasoma uuguzi. Hapa Uingereza baraza linalosajili wauguzi na wakunga linataka shahada yenye saa zisizopungua 4,600, nusu ya masomo na nusu ya vitendo. Yaani saa 2,300 za wodini na kwenye vituo vya afya, zinaandikwa na kusainiwa. Mtoto akiumwa ukabaki naye, hakuna atakayekufokea, ila saa ulizokosa zinakungoja na utazifidia. Na wodini hulipwi. Mwanafunzi hahesabiwi katika idadi ya wafanyakazi wa zamu, yupo kujifunza. Ukitaka hela ya kula, unatafuta kibarua siku ambayo ungelala.

Zamu ndefu ya mchana inaanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa mbili usiku. Kituo kinachomlea mwanangu kinafunguliwa saa moja na nusu hiyohiyo, kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Pigeni hesabu wenyewe. Wakati wenzetu wa usiku wanatukabidhi wagonjwa, ndipo mlango wa kituo unafunguliwa, tena mji mwingine. Sisi tunakaa Slough, na hospitali ya mazoezi anapanga mwenye kupanga. Leo umepelekwa karibu, muhula ujao ni treni mbili na basi.

Kinachotuokoa ni kwamba baba watoto anafanya kazi usiku, uwanja wa ndege wa Heathrow. Alfajiri tunapishana mlangoni: mimi natoka na sare ikiwa begini (njiani hatuivai, kwa ajili ya usafi), yeye anaingia macho mekundu. Anampeleka mtoto, analala, jioni anamfuata. Nikirudi saa tatu usiku, naye ameshavaa koti. Ndoa yetu kwa sasa inaendeshwa kwa karatasi zilizobandikwa kwenye friji. Jumamosi na Jumapili kituo kimefungwa lakini zamu zipo, na Jumapili ndiyo siku wanayopenda kukarabati reli, mnashushwa njiani na kupakiwa kwenye mabasi.

Nyie Dar mna foleni, sijasahau. Kuna watu wanatoka Mbagala au Kimara jogoo hajawika na kurudi watoto wamelala. Lakini mkiwa humo kwenye foleni, nyumbani kuna mtu. Shangazi alikuja kutibiwa wiki moja, sasa ni miezi. Mtoto wa mjomba anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mama mwenye genge anamwona mwanao akivuka barabara na anamkemea kwa niaba yako. Wote hao wakikosekana, dada yupo. Hapa nikifunga mlango, nyuma yangu hakuna mtu. Jirani yangu ni mstaarabu, tunasalimiana kila siku kuhusu mvua. Jina la mwanangu halijui, na mimi sina ujasiri wa kumwachia hata funguo.

Ndiyo maana hapa ulezi una bei na una sheria. England, mlezi mmoja wa kituoni haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya watatu wenye umri chini ya miaka miwili. Wakifika miaka miwili, watano. Na huyo mlezi hafui mashuka yako wala haendi gengeni. Sasa mdogo wangu, yule binti uliyemtoa Iringa analea watatu, anapika, anafua, anapiga deki, anafungua geti shemeji akirudi usiku wa manane, na asubuhi anaulizwa kwa nini maharage yameungua. Halafu Jumapili moja unaiita kiburi!

Kazi yako ya benki inasimama kwa sababu yake. Akiondoka leo, kesho wewe ndiye utakayepiga simu kuomba ruhusa. Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara hata kwa watumishi wa majumbani. Kwenye kile kikundi chetu cha WhatsApp, ambako kila mtu ni mchambuzi wa siasa, nani anakijua? Na wengine wenu, huyo "dada" mwenyewe ni wa kukaa darasani. Hapo hata mshahara mzuri hautoshi kuwa jibu.

Nanyi mnaonitumia vyeti mkiuliza njia ya kuja, nawajibu kwa pamoja. Aliye muuguzi tayari hahitaji kuanza shahada upya: kuna mtihani wa Kiingereza, wa kompyuta unaoweza kuufanya ukiwa nje ya Uingereza, na wa vitendo unaofanyiwa hapa. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa hapa hawapaswi kuja kuwavuna. Wewe binafsi ukiomba kazi, ni ruksa. Wakala akitaka hela akupe kazi, mkimbie. Anayekuja kusoma shahada ya kwanza kwa viza ya mwanafunzi haji na mume wala watoto, asidanganywe. Mliokwisha kupata ukaazi England, ulizeni ile ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi: tangu 2020 ni pauni 5,000 kwa mwaka, na mwenye mtoto huongezewa 2,000, nayo hairudishwi. Tafuteni mlezi anayepokea watoto nyumbani kwake, wengi hufungua mapema kuliko vituo. Ratiba ya zamu iombeni mapema, kwa adabu na bila aibu. Pikeni siku ya mapumziko, mgandishe. Na masomo someeni kwenye treni; mezani kwako mtoto atachorea.

Wiki ijayo tunabadilishana na baba watoto, mimi naanza zamu za usiku, kwa hiyo mchana nitakuwa nalala. Atakayenipigia saa nane mchana kuniuliza tu kama huku kuna baridi, jibu ni ndiyo, kuna baridi.

Mdogo wangu, wewe tuma ujumbe. Uniambie Jumapili hii nani kabaki na watoto.